Maswali ya Wasomaji: Milinganyo Miwili Inapotatuliwa kwa Pamoja

Barua tulizopokea mwezi huu kutoka Mwanza na visiwa vya jirani zinahusu, karibu zote, milinganyo miwili yenye herufi mbili zisizojulikana. Tumechagua tano. Mbili tumezijibu kwa urefu kwa sababu makosa yaliyomo ni ya wengi, na nyingine kwa kifupi.

Jibu lilihakikiwa, likakubali, lakini si sahihi

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Igoma. Tulipewa swali la kutafuta x na y katika milinganyo hii: 3x + 2y = 16 na 5x − 4y = 12. Nilizidisha mlinganyo wa kwanza kwa 2 nikapata 6x + 4y = 32, kisha nikatoa mlinganyo wa pili ili y iondoke. Nikapata x = 20 na y = −22. Nilihakiki kwa kuweka majibu hayo katika mlinganyo wa kwanza na yakakubali kabisa, kwa kuwa 60 kutoa 44 ni 16. Hata hivyo nimewekewa alama ya kosa. Kosa liko wapi?*

Marahaba, mwanangu. Hatua yako ya kwanza ni sahihi na imechaguliwa vizuri, kwa sababu uliona kwamba ukizidisha mlinganyo wa kwanza kwa 2, namba iliyo mbele ya y itakuwa 4 katika milinganyo yote miwili. Kosa limeingia katika mstari uliofuata. Katika mlinganyo mmoja una +4y na katika mwingine una −4y. Ulipotoa, ulichukulia kwamba nne mbili zikikutana lazima zifutane, ukasahau kuzitazama alama zake. Kutoa namba hasi ni kujumlisha, kwa hiyo 4y kutoa −4y ni 8y, na si sifuri. Ungetoa kwa uangalifu ungepata mstari huu:

x + 8y = 20

Mstari huo ni wa kweli. Ukiupima kwa majibu sahihi nitakayoyaonyesha hivi punde, unakubali. Ila haukusaidii kitu, kwa maana herufi zote mbili bado zimo ndani yake. Hapo ndipo penye tofauti ambayo wanafunzi wengi hawaambiwi: kuna mstari usio wa kweli, na kuna mstari wa kweli usiokupeleka mbele. Wako ulikuwa wa aina ya kwanza.

Alama zikiwa tofauti, jumlisha. Zikiwa sawa, toa. Kanuni hiyo umeisikia darasani, lakini ni afadhali ujue inatoka wapi ili usiitegemee kumbukumbu peke yake. Mlinganyo wa pili unasema kwamba 5x − 4y na 12 ni kiasi kimoja kilichoandikwa kwa namna mbili. Basi ukiongeza 5x − 4y upande wa kushoto wa mlinganyo wa kwanza, na 12 upande wa kulia, umeongeza kiasi kilekile pande zote, na usawa haujavunjika:

6x + 4y = 32
5x − 4y = 12
Kwa kujumlisha: 11x = 44, kwa hiyo x = 4

Ukiweka 4 mahali pa x katika mlinganyo wa kwanza utapata 12 + 2y = 16, na hivyo y = 2.

Sasa tuje kwenye uhakiki wako, ambao kwangu ndio sehemu muhimu zaidi ya barua hii. Ulipata y kwa kutumia mlinganyo wa kwanza, kisha ukauhakiki mlinganyo huohuo wa kwanza. Uhakiki wa namna hiyo hauwezi kukataa kamwe. Hata ungekuwa umepata x = 100, mlinganyo wa kwanza ungekupa y = −142, na ungerudi kuhakiki ungeona 300 kutoa 284 ni 16, kila kitu shwari. Mlinganyo uliokupa y utaikubali tu y uliyoipata kwake, hata kama x yenyewe ni ya kubuni. Ungeyaweka majibu yako katika mlinganyo wa pili ungeona mara moja: 5 mara 20 ni 100, na −4 mara −22 ni 88, jumla 188, mahali ambapo ilipaswa kuwa 12.

Kwa hiyo unapofanya mazoezi ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, ukishapata herufi ya pili kwa mlinganyo mmoja, hakiki kwa ule mwingine. Kazi hiyo ni ya mstari mmoja tu.

Abiria wa kivuko

*Mwalimu, shikamoo. Ninaandika kutoka Sengerema kwa niaba ya mdogo wangu. Swali lao linasema: kivuko kilibeba abiria 50, wakubwa na watoto. Nauli ya mkubwa ni shilingi 1,000 na ya mtoto ni shilingi 500. Fedha zilizokusanywa ni shilingi 41,000. Wakubwa walikuwa wangapi? Mdogo wangu anajua kutatua milinganyo akipewa, lakini hapa ameandika 1000w + 500m = 50 na akakwama.*

Marahaba. Swali hili bila shaka lilitungwa siku nyingi, kabla ya Juni 2025 lilipozinduliwa daraja la Kigongo–Busisi, lakini hesabu yake haijazeeka.

Mdogo wako si wa kwanza kuandika hivyo. Tazama upande wa kushoto wa mlinganyo wake: 1,000 mara idadi ya wakubwa ni shilingi, na 500 mara idadi ya watoto ni shilingi pia. Upande wa kulia ameweka 50, ambao ni watu. Ameandika kwamba shilingi ni sawa na watu. Kabla ya kuandika alama ya usawa, mwanafunzi ajiulize kila upande unahesabu nini. Watu wakae na watu, na fedha zikae na fedha. Swali hili linatoa habari mbili, moja ya watu na moja ya fedha, na kila moja ina mlinganyo wake:

w + m = 50
1000w + 500m = 41,000

Aandike pia, kwa maneno kamili, kwamba w ni idadi ya wakubwa na m ni idadi ya watoto. Wengi huandika "w = wakubwa" wakaishia hapo, na kufika katikati ya kazi hawajui tena kama w ni watu au ni nauli zao.

Kabla ya kumpa kalamu, mwulize swali hili kwa mdomo: abiria wote 50 wangekuwa watoto, mwenye kivuko angekusanya kiasi gani? Atajibu 25,000. Lakini zilikusanywa 41,000, na ziada ya 16,000 haiwezi kutoka kwa mtu mwingine ila wakubwa, ambao kila mmoja amelipa 500 zaidi ya mtoto. Gawanya 16,000 kwa 500, unapata wakubwa 32, na watoto ni 18.

Akishaelewa hayo, mwonyeshe kwamba aljebra haikufanya jambo jingine. Mlinganyo wa watu ukizidishwa kwa 500 unakuwa 500w + 500m = 25,000, na hizo ndizo fedha za "wote ni watoto". Ukiutoa katika mlinganyo wa fedha, unabaki na 500w = 16,000, ambayo ndiyo ziada. Uhakiki: 32,000 na 9,000 ni 41,000.

Jambo dogo la kuongeza. Laiti jumla ingekuwa 41,200, hesabu ingeleta w = 32.4, bila kosa lolote la ukokotoaji. Lakini hakuna abiria nusu wala robo kivukoni, na hapo mwanafunzi anapaswa kusema kwamba taarifa aliyopewa ina kasoro, badala ya kukadiria iwe 32 na kuendelea.

Sifuri ni sawa na sifuri

*Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni mama mfanyabiashara, ninatoa udaga na machungwa Ukerewe na kuuza Kirumba. Mwenye boti ananitoza ushuru wake kwa gunia na kwa tenga, lakini huniandikia jumla tu. Safari ya kwanza nilikuwa na magunia 6 na matenga 4, nikalipa 34,000. Safari ya pili magunia 9 na matenga 6, nikalipa 51,000. Binti yangu wa kidato cha tatu amejaribu kutafuta bei ya gunia na ya tenga, lakini kila anapoondoa herufi moja, na ya pili inaondoka, anabaki na 0 = 0. Anakosea? Ninayo na karatasi ya safari ya tatu, magunia 4 na matenga 6, 36,000, ila hiyo hatukuigusa.*

Nzuri, mama, na pole na shughuli. Binti yako hakukosea hata kidogo, na kwa maoni yangu anastahili sifa, kwa kuwa alifika kwenye 0 = 0 bila kulazimisha jibu lolote.

Chukua bei ya gunia iwe g na ya tenga iwe t. Karatasi ya kwanza inasema 6g + 4t = 34,000; ukigawanya kila kitu kwa 2 unapata 3g + 2t = 17,000. Karatasi ya pili inasema 9g + 6t = 51,000; ukigawanya kila kitu kwa 3 unapata vilevile 3g + 2t = 17,000. Una karatasi mbili, lakini habari ni moja. Mzigo wa safari ya pili ulikuwa mzigo wa kwanza na nusu yake, magunia na matenga kwa uwiano uleule, na malipo yakapanda kwa uwiano huohuo. Haukuongeza neno jipya.

Ndiyo maana bei nyingi zinakubaliana na karatasi hizo mbili. Gunia likiwa 3,000, tenga ni 4,000. Gunia likiwa 2,000, tenga ni 5,500. Gunia likiwa 4,000, tenga ni 2,500. Jaribu yoyote kati ya hizo katika karatasi zote mbili, itakubali. Alama ya 0 = 0 ndiyo namna hesabu inavyosema kwamba inahitaji habari nyingine.

Ipo njia ya kulijua hilo kabla ya kuanza kazi. Andika namba za magunia na matenga kwa mistari miwili, 6 na 4 juu, 9 na 6 chini, kisha zidisha kwa kukata msalaba: 6 mara 6 ni 36, na 4 mara 9 ni 36. Yakilingana hivyo, jibu moja halipatikani. Yasipolingana, jibu lipo na ni moja tu. Ukijaribu hivyo kwa karatasi ya kwanza na ya tatu utapata 6 mara 6, yaani 36, na 4 mara 4, yaani 16; hazilingani, kwa hiyo karatasi mliyoiacha ndiyo yenye ufunguo.

Karatasi ya kwanza: 6g + 4t = 34,000
Karatasi ya tatu: 4g + 6t = 36,000

Namba zimebadilishana nafasi, na zikiwa hivyo hazihitaji kazi ndefu. Zijumlishe: 10g + 10t = 70,000, maana yake gunia moja na tenga moja kwa pamoja ni 7,000. Kisha toa ya kwanza katika ya tatu: 2t − 2g = 2,000, maana yake tenga linazidi gunia kwa 1,000. Namba mbili ambazo jumla yake ni 7,000 na tofauti yake ni 1,000 ni 4,000 na 3,000. Gunia ni shilingi 3,000 na tenga ni shilingi 4,000.

Nina tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba hesabu hii inachukulia kuwa mwenye boti hakubadili bei kati ya safari na safari. Kama alibadili, majibu haya hayana msingi. Ya pili ni kwamba utajaribiwa kutumia karatasi ya pili kuwa uhakiki, na ukifanya hivyo itakubali: 27,000 na 24,000 ni 51,000. Uhakiki huo hauna thamani, kwa kuwa karatasi ya pili inarudia maneno ya ya kwanza, na chochote kinachokubalika na ya kwanza kitakubalika na ya pili. Ukitaka kuhakiki kweli, subiri safari nyingine yenye mchanganyiko tofauti wa mzigo.

Hebu tuseme karatasi ya pili ingesomeka 52,000. Binti yako angezidisha ya kwanza kwa 3 apate 18g + 12t = 102,000, na ya pili kwa 2 apate 18g + 12t = 104,000, na baada ya kutoa angebaki na 0 = 2,000. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Hakuna bei yoyote ya gunia na ya tenga inayoweza kuzaa karatasi hizo mbili kwa pamoja, na hapo ungekuwa na haki ya kumwuliza mwenye boti, kwa upole, ni kipi kilichobadilika katikati.

Nani aliyeanza?

*Mwalimu, naomba kujua njia ya kuondoa herufi moja ilitoka kwa nani. Msomaji, Nyegezi.*

Hakuna mtu mmoja wa kutajwa. Wachina walikuwa wakitatua milinganyo ya namna hii tangu kale kwa kupanga vijiti vya kuhesabia katika safu juu ya ubao, safu moja kwa kila mlinganyo, na kutoa safu katika safu mpaka ibaki namba moja isiyojulikana. Mtaalamu wao Liu Hui, aliyeandika maelezo yake mwaka 263, alieleza pia matumizi ya vijiti vyekundu kwa namba chanya na vyeusi kwa namba hasi. Kijana wa Igoma angekuwa na vijiti hivyo, asingedhani kwamba +4y na −4y ni kitu kimoja. Huko Ulaya, Gabriel Cramer wa Geneva alichapisha mwaka 1750 kanuni inayotoa majibu moja kwa moja kwa kuzidisha namba kwa kukata msalaba, jamaa wa karibu wa kipimo nilichompa mama wa Ukerewe. Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani, ambaye jina lake limebandikwa kwenye njia ya kuondoa, alizaliwa 1777, zaidi ya miaka 1,500 baada ya Liu Hui kuandika.

Njia ipi ni bora?

*Mwalimu mwenzangu, mimi hufundisha masomo ya ziada huku Buswelu. Wanafunzi hunisumbua wakitaka niwape njia moja ya kutumia siku zote: kuondoa, kuweka badala, au grafu. Wewe ungewaambia nini?*

Ningewaambia waangalie milinganyo kwanza kabla ya kuchagua. Hata hivyo najua jibu hilo halimridhishi mwanafunzi aliyebakiwa na dakika kumi, kwa hiyo nitakuwa wazi zaidi: kama atashika njia moja tu, ashike ya kuondoa. Inafanya kazi kwa jozi yoyote yenye jibu, na haileti sehemu mapema, mradi mwanafunzi atafute kigawe kidogo cha shirika cha namba zilizo mbele ya herufi anayotaka kuiondoa.

Grafu ni nzuri kwa kuelewa na mbaya kwa kukokotoa. Inamwonyesha mtoto kwamba kila mlinganyo ni mstari mnyoofu, kwamba jibu ni pale mistari inapokatana, kwamba 0 = 2,000 ni mistari inayokwenda sambamba bila kukutana, na kwamba 0 = 0 ni mstari mmoja uliochorwa mara mbili. Hayo yafundishwe. Lakini mpe achore y = x + 1 na y = 1.1x + 0.5, umwulize inapokatana. Mistari hiyo inakaribiana mno hata unene wa penseli unaificha nukta yenyewe, na mmoja atasema x ni 4, mwingine 6. Kwa kalamu, 0.1x = 0.5, x ni 5 na y ni 6, kazi imekwisha.

Njia ya kuweka badala inapendeza pale herufi moja ilipokwisha kusimama peke yake, kwa mfano y = 2x − 5 pamoja na 3x + 2y = 18. Hapo kuondoa ni kujichosha bure. Mwanafunzi aweke 2x − 5 mahali pa y, na aiweke ndani ya mabano: 3x + 2(2x − 5) = 18, kisha 3x + 4x − 10 = 18, 7x = 28, x = 4, na y = 3.

Nasisitiza mabano kwa sababu hapo ndipo wanapoanguka wengi. Wasipoyaandika, ile 2 huzidisha 2x peke yake na kuiacha 5 ilivyo, wakapata 3x + 4x − 5 = 18 na hatimaye 7x = 23. Namba ya 23 haigawanyiki kwa 7 bila kubaki, na baadhi yao huona aibu ya kuandika sehemu wakaanza kuhangaika na mstari wa mwisho, wakigeuza alama huku na huku. Sehemu si dalili ya kosa, kwani maswali mengi halali yana majibu ya sehemu; lakini katika swali hili, anayefika 7x = 23 mwelekeze arudi kwenye mstari aliouandika bila mabano, wala asiguse kitu kingine chochote.